Uhalisia Pepe Ndani ya Kivinjari: Ujuzi wa Kujenga Utaamua Nani Anasimulia Urithi wa Tanzania

Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 na timu ya watafiti iliyoongozwa na Mary Leakey katika eneo la Ngorongoro, ni ushahidi kwamba viumbe wa jamii ya binadamu walitembea wima kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Pamoja na hadhi hiyo, Mtanzania anayefika Laetoli hawezi kuziona nyayo hizo zenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 zilifukiwa upya kwa utaalamu maalumu ili mizizi ya miti, mvua na jua visiziharibu. Kinachoonekana katika Makumbusho ya Olduvai ni nakala yake iliyotengenezwa kwa ukungu.

Uamuzi wa kuzifukia ulikuwa sahihi kiuhifadhi. Hata hivyo, unaacha swali linalogusa maeneo mengi ya urithi nchini: mwanafunzi wa Kasulu au Tandahimba, ambaye huenda asipate nauli ya kufika Ngorongoro, ataionaje hazina ambayo naye ni mmiliki wake? Mojawapo ya majibu ni teknolojia ya uhalisia pepe na uhalisia ulioongezwa, ambayo sasa inaweza kufanya kazi ndani ya kivinjari cha simu janja bila kupakua programu yoyote ya ziada.

Nyenzo za kujengea maudhui ya aina hiyo tayari zipo, na nyingi hazina malipo. Kinachopungua ni watu wanaojua kuzitumia. Katika kipindi ambacho Serikali ya Awamu ya Sita inatekeleza Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034, suala la vijana kujifunza kujenga programu hizi, badala ya kuzipokea zikiwa zimekwisha kutengenezwa kwingine, linastahili kuangaliwa kwa karibu.

Teknolojia mbili, mlango mmoja

Uhalisia pepe humweka mtumiaji ndani ya mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta. Akigeuza kichwa, mandhari nayo hugeuka. Uhalisia ulioongezwa humwacha mtumiaji mahali alipo, lakini huweka vitu vya kidijitali juu ya kile ambacho kamera ya simu inakiona. Kwa teknolojia ya kwanza, mwanafunzi anaweza kujiona amesimama katikati ya nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Kwa teknolojia ya pili, anaweza kuuweka msikiti huo juu ya dawati lake ukiwa umepunguzwa ukubwa, kisha akauzunguka na kuukagua kila upande.

Kwa miaka mingi, kazi hizi zilihitaji miwani ya gharama kubwa na programu nzito za kusakinisha. Hali ilianza kubadilika mwaka 2011, pale muungano wa kampuni za teknolojia uitwao Khronos Group ulipotoa kiwango cha WebGL, kinachokiwezesha kivinjari kuchora maumbo ya pande tatu kwa kutumia kichakato cha picha kilichomo ndani ya kifaa. Mwaka 2014 wahandisi wa Mozilla walipendekeza WebVR, jaribio la kwanza la kukiunganisha kivinjari na miwani ya uhalisia pepe. Baadaye pendekezo hilo lilirithiwa na kiwango kipana zaidi kiitwacho WebXR, kinachosimamiwa na W3C, chombo kilichoanzishwa na mvumbuzi wa wavuti, Tim Berners-Lee, kuratibu viwango vya wavuti duniani. Kivinjari cha Chrome kilianza kukikubali kiwango hicho kwa upande wa uhalisia pepe Desemba 2019, na kwa upande wa uhalisia ulioongezwa mwaka 2020.

Maana yake kwa mwananchi wa kawaida ni nyepesi kueleweka. Mwalimu anaweza kutuma kiungo kwa ujumbe wa simu, mwanafunzi akakibonyeza na somo likafunguka. Hakuna duka la programu la kupitia, hakuna nafasi kubwa inayoliwa kwenye simu, na mjenzi akirekebisha kosa, watumiaji wote hupata toleo lililorekebishwa wanapofungua ukurasa tena. Kwa mjenzi kijana, wavuti humwondolea pia sharti la kuomba idhini ya kampuni yoyote kabla ya kuchapisha kazi yake.

Mjenzi anajifunza nini

Safari ya kujifunza huanza na lugha tatu zinazojenga tovuti zote: HTML inayopanga maudhui, CSS inayoyapa mwonekano, na JavaScript inayoyapa uwezo wa kuitikia matendo ya mtumiaji. Kijana aliyekwisha kutengeneza tovuti ya kawaida ameshavuka hatua hii.

Hatua ya pili ni kufikiri kwa nafasi badala ya ukurasa. Katika WebXR kila kitu hupimwa kwa mita na hupewa mahali pake kwa mihimili mitatu: kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma. Mjenzi akikosea nukta moja ya desimali, mlango wa mita 2 huwa lango la mita 20. Hapa ndipo vekta na trigonometria, mada ambazo wanafunzi wengi wa sekondari huziona ngumu na zisizo na kazi, hupata matumizi yanayoonekana kwa macho.

Kwa anayeanza, zipo maktaba za msimbo zinazopunguza ugumu. Three.js, iliyoanzishwa na Ricardo Cabello mwaka 2010, ndiyo msingi wa kazi nyingi za pande tatu kwenye wavuti. A-Frame, iliyotolewa na Mozilla mwaka 2015, imejengwa juu ya Three.js na humwezesha mwanafunzi kuunda chumba chenye sakafu, anga na vitu kadhaa kwa mistari isiyozidi kumi inayofanana na HTML ya kawaida. Babylon.js, iliyotolewa mwaka 2013 na wahandisi wa Microsoft, ni chaguo jingine lenye zana nyingi. Zote tatu ni za chanzo huria: yeyote anaweza kuzitumia, kuzisoma kwa ndani na kuzirekebisha bila kulipa leseni.

Hatua ya tatu ni kupata au kutengeneza modeli za pande tatu. Programu huria ya Blender hutosha kuchonga jengo au chombo tangu mwanzo. Kwa kitu kilichopo tayari, kama vile mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, mjenzi hupiga picha nyingi kukizunguka, kila picha ikiingiliana kwa sehemu kubwa na iliyotangulia, kisha programu ya kompyuta hukokotoa umbo lake kutokana na picha hizo. Modeli huhifadhiwa katika muundo wa glTF, ambao toleo lake la 2.0 lilitolewa na Khronos Group mwaka 2017 mahususi kwa ajili ya kusafirisha maumbo ya pande tatu kwenye wavuti.

Hatua ya nne ni mwingiliano, na ndiyo inayoitofautisha programu na picha ya kutazama tu. Mjenzi huamua nini kitatokea mtumiaji akigusa nguzo, akisogelea kaburi au akielekeza macho kwenye maandishi. Katika uhalisia ulioongezwa hutumika mbinu ya kupima uso: simu huitambua meza au sakafu iliyo mbele yake, na modeli huwekwa juu ya uso huo badala ya kuelea hewani. Humohumo huingizwa sauti, maelezo na maswali ya kumpima mwanafunzi.

Hatua ya mwisho ni majaribio na uchapishaji. Miwani nyingi za sasa huchora picha mara 72 hadi 90 kwa sekunde. Kwa kasi ya mara 90, kifaa kina takribani milisekunde 11 tu za kuandaa kila picha. Kikichelewa, mtumiaji huhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa sababu hiyo, programu iliyokimbia vizuri kwenye kompyuta ya mjenzi lazima ijaribiwe kwenye simu ambayo wananchi wanaitumia. Aidha, WebXR hufanya kazi kwenye tovuti zenye muunganisho salama wa HTTPS pekee, hivyo mwanafunzi hujifunza misingi ya usalama wa mtandao akiwa bado mwanzoni.

Majukwaa hufungwa, viwango hubaki

Yapo majukwaa ya kampuni yanayoahidi kumfanyia mjenzi kazi yote kwa kubonyeza vitufe vichache. Yana faida kwa anayetaka matokeo ya haraka, lakini historia ya miaka ya karibuni inatoa tahadhari.

Google Expeditions, huduma iliyowawezesha walimu katika nchi mbalimbali kuwapeleka wanafunzi kwenye ziara za uhalisia pepe, ilifungwa Juni 30, 2021. Siku hiyohiyo ilifungwa pia Poly, maktaba ya mtandaoni ya kampuni hiyo iliyohifadhi modeli za pande tatu za watu wengi. Mei 31, 2024 Mozilla nayo ilizima huduma yake ya Hubs, iliyotumika kwa mikutano na madarasa ya uhalisia pepe. Kwa walimu waliokuwa wamepanga masomo yao juu ya huduma hizo, kazi ya miaka ililazimika kuhamishwa au kuachwa.

Mfano wa Hubs una funzo la ziada. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, wenye ujuzi waliweza kuuchukua na kuendelea kuuendesha kwenye seva zao wenyewe. Wasio na ujuzi huo hawakuwa na la kufanya isipokuwa kutafuta huduma nyingine. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutokana na fedha wala vifaa. Ilitokana na nani aliyejua kujenga.

Kwa nchi inayopanga mitaala na bajeti kwa miaka kadhaa mbele, funzo hilo ni la moja kwa moja. Kijana aliyefundishwa bidhaa ya kampuni moja ana ujuzi unaoweza kuisha siku kampuni hiyo inapobadili mipango. Kijana aliyefundishwa viwango vya wazi ana ujuzi unaohama naye, na kazi aliyoijenga inaweza kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine bila kuanza upya.

Gharama ya bando darasani

Uzuri wa modeli hauna maana iwapo haifunguki kwenye simu ya mwananchi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Darasa la wanafunzi 40 likifungua modeli ya megabaiti 50, kila mmoja kwa kifaa chake, litatumia megabaiti 2,000, sawa na takribani gigabaiti 2 kwa kipindi kimoja. Modeli hiyohiyo ikipunguzwa hadi megabaiti 4, darasa zima litatumia megabaiti 160.

Muda nao hubadilika. Kwenye mtandao wa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, faili la megabaiti 50 huchukua sekunde 100 kushuka, ilhali la megabaiti 4 huchukua sekunde 8. Katika kipindi cha dakika 40, tofauti hiyo ndiyo humfanya mwalimu aamue kuitumia tena teknolojia au kuiacha.

Kupunguza uzito kunawezekana bila kuharibu somo. Mjenzi hupunguza idadi ya pembetatu zinazounda umbo, hubana picha zinazolifunika, na hutumia mbinu za ugandamizaji zinazokubalika katika muundo wa glTF. Vilevile, anaweza kuifanya tovuti ihifadhi faili kwenye kifaa baada ya kufunguliwa mara ya kwanza, ili lisipakuliwe upya kila siku. Mafunzo yanayotolewa katika nchi zenye intaneti ya kasi na nafuu mara nyingi hugusia mambo haya mwishoni. Kwa mazingira ya Tanzania, yanapaswa kufundishwa tangu wiki ya kwanza.

Malighafi iliyopo nchini

Thamani ya ujuzi huu inaongezeka kwa sababu Tanzania ina maudhui ambayo hakuna nchi nyingine inayo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na kutokana na jitihada za uhifadhi yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kumbukumbu za pande tatu za magofu hayo zimewahi kuchukuliwa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kwa kutumia vipimo vya leza. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, na inaonyesha pia kuwa kazi hiyo inawezekana na inasubiri mikono ya wenyeji.

Katika Laetoli kwenyewe, hatua zimepigwa na Watanzania. Mwaka 2016 timu iliyowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wakishirikiana na watafiti wa Italia, ilichapisha matokeo ya ugunduzi wa nyayo nyingine katika eneo hilo, ikiwa imetumia picha kutengeneza modeli za pande tatu za nyayo hizo. Modeli za aina hiyo hutengenezwa kwa ajili ya vipimo vya wanasayansi. Mjenzi wa wavuti anaweza kuzipunguza uzito, kuziongezea maelezo ya Kiswahili na kuzifikisha kwenye simu ya mwanafunzi.

Zanzibar nayo ina uzoefu. Mwaka 2019 Kamisheni ya Utalii Zanzibar ilishirikiana na wapigapicha wa kikundi cha World Travel in 360 kupiga picha za nyuzi 360 za visiwa hivyo kwa ajili ya ramani za mtandaoni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kwa kujitolea. Picha za aina hiyo ndizo njia nyepesi zaidi ya kuingia katika uhalisia pepe, kwa kuwa hazihitaji modeli nzito.

Umuhimu wa kumbukumbu hizi ulionekana kwa uchungu Desemba 25, 2020, pale sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilipoporomoka katika Mji Mkongwe. Nchini Ufaransa, kanisa la Notre-Dame lilipoungua Aprili 2019, vipimo vya leza vilivyochukuliwa miaka kadhaa kabla na mwanahistoria Andrew Tallon vilikuwa miongoni mwa kumbukumbu zilizowafaa wataalamu wa ukarabati. Kumbukumbu ya pande tatu haizuii jengo kuanguka, lakini huwaachia wajenzi na wanahistoria vipimo vya kuanzia. Faili linalomfundisha mwanafunzi leo linaweza kuwa msaada kwa mhandisi kesho, ilimradi limechukuliwa kwa usahihi na kuhifadhiwa ipasavyo.

Upo pia mfano wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba mabaki ya dinosaria na kuyasafirisha. Mfupa kwa mfupa, mmoja wao umeunganishwa katika makumbusho ya mjini Berlin, ukiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Watoto wa Lindi wanaokaa jirani na mahali mifupa hiyo ilipotoka hawajauona. Uhalisia ulioongezwa hauwezi kuwa mbadala wa mjadala kuhusu mali za kale zilizo ng'ambo, lakini unaweza kumsimamisha mnyama huyo kwa kimo chake halisi katika uwanja wa shule ya Lindi.

Nje ya urithi na utalii, ujuzi uleule unatumika katika mafunzo ya ufundi na afya. Mwanafunzi wa umeme anaweza kukosea kuunganisha nyaya ndani ya mazingira pepe bila kujeruhiwa wala kuharibu kifaa, kisha akaingia karakana akiwa amezijua hatua za usalama.

Sera na miundombinu vinavyowezesha

Mazingira ya kisera yanaelekea upande huu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inatoa mkazo kwa elimu ya ujuzi, na mkondo wa amali ulianza kutekelezwa katika baadhi ya shule za sekondari mwaka 2024. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025 na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, inayatambua mageuzi ya kidijitali kuwa miongoni mwa vichocheo vya maendeleo.

Kwa upande wa mawasiliano, Mkongo wa Taifa unaendelea kupanuliwa, na Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini. Aidha, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, hatua iliyoviweka vifaa vyenye kivinjari mikononi mwa watu wanaokutana na wanafunzi kila siku.

Suala la faragha nalo lina msingi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Programu za uhalisia ulioongezwa hutumia kamera, na kamera huona sebule, nyuso na watoto. Katika WebXR, kivinjari huomba ridhaa ya mtumiaji kabla ya kuanza, na kwa kawaida tovuti haipewi picha za kamera zenyewe. Hupewa mahali kifaa kilipo na nyuso zilizotambuliwa. Mbinu za zamani zinazosoma alama maalumu kupitia kamera huipa tovuti picha hizo moja kwa moja. Mjenzi anapaswa kuijua tofauti hiyo, na mzazi ana haki ya kuiuliza.

Mapengo ya kuzibwa

Pamoja na fursa hizo, vipo vikwazo visivyopaswa kufunikwa. Kwanza, si kila simu inaweza kufanya kazi zote. Uhalisia ulioongezwa kupitia Chrome unahitaji simu ya Android yenye huduma ya ARCore, ambayo haipo kwenye simu nyingi za bei ya chini, na kivinjari cha Safari kwenye iPhone kimekuwa nyuma katika kukikubali kiwango cha WebXR. Mjenzi makini huandaa ngazi tatu: miwani kwa mwenye nayo, uhalisia ulioongezwa kwa simu inayouweza, na modeli ya kuzungusha kwa kidole kwa wengine wote. Asiyefanya hivyo huwaacha nje wale waliolengwa.

Pili, walimu wa fani hii ni wachache, na mwalimu mmoja aliyejengewa uwezo kikamilifu hufaa kuliko miwani kumi iliyofungiwa kabatini. Tatu, sehemu kubwa ya maelekezo ya nyenzo hizi imeandikwa kwa Kiingereza. Kuyaandaa kwa Kiswahili sanifu, kwa istilahi zinazofanana kutoka chuo kimoja hadi kingine, ni kazi inayoweza kuanza bila kusubiri vifaa.

Nne, maeneo ya malikale yanalindwa kwa sheria. Anayetaka kupima au kurusha droni juu ya magofu anatakiwa kupata vibali vya mamlaka husika. Utaratibu unaoeleweka kwa vyuo na wabunifu wadogo, wenye masharti ya wazi kuhusu nani anamiliki faili na nani anaruhusiwa kulitumia, utazilinda hazina hizo bila kuwakatisha tamaa wenye nia njema.

Tano, soko la ajira la fani hii bado ni dogo, na si vyema kuwaahidi vijana zaidi ya kilichopo. Faida ya kuanzia kwenye wavuti ni kwamba kijana asiyepata mteja wa uhalisia pepe bado ana ujuzi wa kutengeneza tovuti za kawaida, ambao unahitajika na taasisi za umma, biashara ndogo, hoteli na mashirika ya aina nyingi.

Pa kuanzia

Kwa kijana anayetaka kujaribu, mahitaji ya mwanzo ni kompyuta ya kawaida, simu janja, na intaneti ya kupakulia A-Frame na Blender. Mradi wa kwanza unafaa kuwa mdogo na wa karibu: chungu cha bibi, mlango wa msikiti au kanisa la mtaani, au ramani ya shule. Kwa uhalisia pepe, kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo Google ilianza kulisambaza mwaka 2014 na baadaye kuuacha msimbo wake wazi, linaweza kutengenezwa karakana ya shule.

Kwa vyuo, hatua yenye tija ni kuwaunganisha wanafunzi wa kompyuta na wale wa akiolojia, historia na utalii katika mradi mmoja wenye modeli chache zilizopimwa vizuri, zenye maelezo ya Kiswahili na uzito unaobebeka kwa bando la kawaida. Kwa taasisi zinazosimamia urithi, ni kuweka sharti katika kila makubaliano ya upigaji picha na upimaji kwamba nakala ya faili ibaki nchini, katika muundo wa wazi unaoweza kufunguliwa hata baada ya mradi kufungwa.

Nyayo za Laetoli zitaendelea kubaki chini ya udongo kwa usalama wake, na mifupa ya Tendaguru ingali Berlin. Modeli zake zitaendelea kutengenezwa kadiri teknolojia inavyokua, na atakayezijenga ndiye atakayechagua lugha ya maelezo, mpangilio wa simulizi na seva zitakapohifadhiwa. Uamuzi wa kuwaandaa vijana wa Kitanzania kushika nafasi hiyo uko mikononi mwa vyuo, shule na wazazi, na kwa sehemu kubwa hauhitaji kusubiri kununuliwa kwa kifaa kipya.